Kamba ya Bi Biubwa

Kabla hajapapasa kandambili zake, Bi Biubwa alinyoosha mkono nje ya dirisha, akaikamata kamba, akaivuta mara mbili. Ng'ambo ya uchochoro, kwenye nguzo ya baraza la Mwanajuma, kopo la maziwa lililotiwa kokoto likalia.

"Labeka, Bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje?"

"Salama. Wewe je?"

"Mzima. Endelea na moto wako."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kila alfajiri. Kopo likilia, Bi Biubwa yu hai. Lisipolia, Mwanajuma huacha vitumbua vyake viungue akakimbia. Iliwahi kutokea, siku Bi Biubwa aliposhikwa na homa akashindwa kujiinua, na jua lilipochomoza nusu ya kitongoji cha Mtoni Mchanga ilikuwa imejaa chumbani kwake, wengine wana miko mkononi.

Asubuhi hii shuka lilikuwa chepechepe. Mvua ya usiku ilikuwa imepenya kwenye tundu la bati, na ile sufuria aliyoiweka kuikinga ilikuwa imehamishwa na paka. Godoro lilikuwa limelika katikati, kiuno kinauma. Alilikamua shuka kwa hasira, akalirusha juu ya mlango, akatoka. Hakuwa mtu wa kukaa. Tangu macho yalipomwisha, miguu yake ndiyo iliyozidi kuwa na haraka, na mtu yeyote aliyemwambia "tulia, Bibi" alijibiwa kwamba kutulia kuna siku yake, tena siku hiyo hataulizwa mtu.

Kamba ndiyo iliyompa kiburi hicho. Ilikuwa kamba ya nanga, nene, iliyobaki kwenye mashua moja iliyooza, na Rajabu Mgeni na wavuvi wenziwe waliifunga kutoka mlangoni kwake, ikapita chooni, ikaenda kisimani, ikaja kwenye baraza la Mwanajuma, ikaishia dukani kwa Bwanaheri. Kisimani palifungwa kombe la pwani lenye ufa ili mkono wake upajue. Kwa Mwanajuma palifungwa kitambaa cha khanga. Tawi moja lilitoka dirishani kwake likaishia kwenye lile kopo. Bi Biubwa alikuwa akipita humo mkono kwa mkono, ndoo kichwani, akisalimu kila nyumba kwa jina, na wageni wa Kaole waliokuja kuona magofu wakapotea njia walimwona wakadhani anaona.

Chakula kilikuja kwa namna yake. Mtu huweka sahani dirishani, imefunikwa kawa, akaondoka bila kubisha hodi. Bi Biubwa aliwajua wote. Iliki ikizidi, huyo Wahida. Samaki akikaangwa mpaka mifupa inalika, huyo mke wa Rajabu. Lakini hakuwahi kumtaja mtu, na wao hawakuwahi kujitaja. Naye alisuka ukili usiku na mchana, maana kwake vyote vilikuwa kimoja, na alfajiri wanawake walikuta mafungu ya ukili vizingitini mwao, tayari kushonwa mikeka. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Kumtangazia jirani ulichompa ni masimango, na masimango pale yalikuwa aibu kuliko wizi. Mwizi angalau hujificha.

Mambo yangebaki hivyo kama si barabara. Tangu lami ilipopita nyuma ya kisima, magari yalianza kusimama uwanjani kwake. Watu hushuka, huvuta pumzi, husema pana upepo mzuri. Siku moja Msabaha, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja akakaa kwenye kibao cha mbuzi kana kwamba anakuja kukuna nazi.

"Bi mkubwa, kiwanja hiki kikubwa kwa mtu mmoja."

"Si mmoja. Tupo wengi."

"Wengi wako wapi? Mie nakuona peke yako."

"Unaniona wewe," alisema Bi Biubwa. "Mie siwaoni, lakini najua wapo."

Msabaha alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana, hasa akikataliwa. Naye alikuwa mtoto wa palepale, amekula kwenye sahani zilezile zilizofunikwa kawa. Kila kitu alikijua.

Asubuhi hii ya shuka bichi ndipo alipowaleta watu wa mradi.

Gari lilisimama karibu na kisima. Alishuka binti mmoja, afisa wa mradi, jina lake Adila, sauti laini, manukato ya ghali, na adabu zake zote. Alimwamkia Bi Biubwa, akamshika mikono miwili, akamwambia mradi wao ni wa wazee wanaoishi peke yao, wasiachwe, wasife wakiwa wapweke. Bi Biubwa alimpenda. Aliomba aletewe mkeka mgeni akae, na mkeka ukaletwa hata kabla hajamaliza kusema, ukatandikwa, na aliyeuleta akarudi nyuma kimya. Watu walikuwa wamekusanyika. Alisikia kikohozi cha Rajabu, bangili za Wahida, na harufu ya mafuta ya vitumbua ikamwambia kwamba Mwanajuma amesimama karibu na mlango.

"Bibi, nani anakuletea maji?" aliuliza Adila.

"Mungu."

"Na chakula?"

"Mungu huyohuyo. Sijalala njaa."

Watu waliguna kwa kuridhika. Lilikuwa jibu zuri, jibu la mtu aliyelelewa. Adila aligonga kidole kwenye kishikwambi chake.

"Nimeelewa. Ila namaanisha mtu. Mtu wa kukuangalia. Una watoto?"

"Nilikuwa naye mmoja. Yuko mbele ya haki."

"Pole sana, Bibi. Majirani je?"

Bi Biubwa alifungua mdomo. Majina yalikuwa yote ulimini, na harufu za vyakula vyao, na siku za homa, na nani aliyemkata kucha za miguu. Akayameza. Angeanzaje kumwanika Wahida mbele za watu, kwamba alipika kwa ajili ya bibi kipofu? Na Wahida naye angeiweka wapi sura yake?

"Majirani ni watu wazuri," alisema.

Hapo Msabaha akaingia. Bi Biubwa alimsikia akijikohoza, koo la mtu anayejua anachofanya.

"Afisa, tusimsumbue mama. Wenyewe wapo, tuwaulize. Jamani! Kuna mtu hapa anamsaidia huyu bibi? Kama yupo anyooshe mkono, aseme anampa nini. Tutamwandika jina na picha atapigwa, ionekane kabisa kwamba huyu ndiye mtenda wema wa Mtoni Mchanga."

Upepo tu, na kuku mmoja.

Msabaha alijua kuuliza. Angesema "nani jirani yake," mikono ingeinuka yote. Lakini kumtaka mtu asimame mchana kweupe, ajitangaze, apigwe na picha, ni kumtaka avue nguo. Rajabu alikohoa tena. Kandambili zilisugua mchanga, watu wakibadilisha mguu wa kusimamia.

"Mama, wewe," Adila alimgeukia Mwanajuma. "Nyumba yako ndiyo ya karibu. Huwa unamsaidia?"

"Mimi?" sauti ya Mwanajuma ilikuwa ndogo. "Aa. Mimi sijafanya kitu, dada. Kitu gani nimefanya mimi?"

Hivyo ndivyo inavyojibiwa. Mtu yeyote wa pwani angesikia hapo, angejua kwamba amefanya yote. Adila hakuwa wa pwani.

"Na hii kamba ni ya nini?"

"Ya kuanikia nguo," alisema Msabaha upesi.

Kuna mtu alivuta pumzi. Bi Biubwa alihisi damu inampanda kichwani.

"Si ya nguo! Ni ya kwangu. Ni ya kupitia!"

"Ndiyo, Bi mkubwa, ni ya kwako," alisema Msabaha kwa upole, kama anambembeleza mtoto, kisha akashusha sauti, lakini si kiasi cha kutosikika na kipofu. "Unaona afisa? Anajivuta kwa kamba ya nguo mpaka kisimani. Siku moja atatumbukia. Nami nimesema sana ofisini, hakuna wa kunisikiliza."

Adila alikiweka chini kishikwambi. Alipozungumza tena alikuwa analia kidogo, na hilo ndilo lililomvunja nguvu Bi Biubwa. Angekuwa mbaya angejua la kumjibu.

"Bibi, hatutakuacha hapa. Nakuahidi."

Gari la kumchukua lilikuja wiki hiyohiyo. Alikataa, akakaa chini mlangoni, wakamwinua kwa heshima, wanaume wawili, "pole Bibi, pole Bibi," mpaka ndani. Msabaha alitangaza kwamba nyumba na kiwanja vitakuwa chini ya uangalizi wa kitongoji mpaka hali ya mama itakapojulikana. Mwanajuma alisukuma sahani yenye kawa dirishani mwa gari. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameshindwa kuiacha na kuondoka.

"Bibi, nisamehe. Ningesema ni mimi, ningekuwa mtu gani?"

"Ungekuwa mtu wa hovyo," alisema Bi Biubwa. "Usilie. Kaza fundo la pale kisimani, limelegea."

Kituo cha wazee kilikuwa bara, mbele ya Fukayosi, mahali pasipo na harufu ya chumvi. Kulikuwa na kitanda kisicholoa, chandarua kisicho na tundu na dawa za presha kwa saa zake. Kusema kweli hakupigwa wala hakunyimwa. Lakini akisimama tu, sauti inamwambia, "Kaa, Bibi, utaanguka." Akienda chooni ashikwe mkono. Akiomba ukindu asuke, aambiwe apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, vidole vinasuka hewa, mpaka bibi wa kitanda cha pili akamwomba aache, anamtia kizunguzungu. Alfajiri mkono wake ulikwenda wenyewe ukutani, ukatafuta, ukagusa rangi ya mafuta, ukarudi. Alichukia. Hakuhuzunika tu kama wanavyopenda watu wazee wahuzunike. Alichukia mpaka meno yakamuuma.

Kisha wakaja wafadhili.

Walikuja na kipaza sauti na wapiga picha. Wazee walipangwa kwenye viti kivulini, kila mmoja akapewa katoni ndogo ya sabuni mapajani. Bwana mmoja akasema sabuni hizi zimetolewa na nani, na mchele ule na nani, na kwamba wao si watu wa kujitangaza ila wameguswa. Akasema hivyo mara nyingi. Kisha akapita na kipaza sauti, kila mzee atamke jina la kampuni na kushukuru.

"Nyanyua sabuni, Bibi," alisema mpiga picha. "Juu kidogo. Tabasamu."

Bi Biubwa alikaa na katoni mapajani akiwa amekodoa macho yake yasiyoona. Maisha yake yote alikuwa amekimbia masimango, na haya hapa, tena yana spika. Akawafikiria wanawake wa kwao, midomo yao mizito. Wale walificha wema wao mpaka watu wa mradi wakaamini haupo. Hawa hapa sabuni moja inatangazwa, na kesho itaonekana hata Ulaya. Alitamani kucheka, akashindwa.

"Asante," alisema. "Choo kiko wapi?"

Kila mtu alikuwa anatazama kamera. Aliufuata ukuta kwa kiganja, akalifikia geti, geti lilikuwa wazi kwa ajili ya magari, akatoka na katoni yake kwapani. Kishindo cha malori kilimwonyesha barabara ilipo. Alisimama pembeni na kuinua mkono mpaka pikipiki iliposimama.

"Unakwenda wapi, bibi yangu?"

"Mtoni Mchanga, kupita Kaole. Sina hela. Nina sabuni, katoni nzima, haijafunguliwa."

Dereva wa bodaboda alicheka, akaipima katoni mkononi. "Shika kiuno, Bibi. Usiniachie."

Hakumwachia. Upepo ulimpiga usoni njia nzima, vumbi, moshi wa mkaa, mananasi yaliyoiva, halafu kwa mbali, hatimaye, chumvi. Bi Biubwa akacheka kwa sauti hapo, peke yake, nyuma ya mgongo wa mtu asiyemjua. Alikuwa anarudi kwake. Atavuta kamba, kopo litalia, Mwanajuma ataitika, na Msabaha aje amwondoe tena akiweza.

Alishuka dukani kwa Bwanaheri.

"Bi Biubwa!" Sauti ya mwenye duka ilitoka kama iliyobanwa mlangoni. "Umerudi?"

"Nimerudi. Mbona huniamkii? Umeona jini?"

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo. Ngoja... ngoja nikushike mkono."

"Mkono wa nini, na kamba ipo?"

Bwanaheri aliurudisha mkono. Alikuwa na nafasi ya kusema, tena nzuri, na alinyamaza, kama alivyonyamaza siku ile watu wa mradi walipouliza. Bi Biubwa alipapasa kwenye nguzo ya duka, hapakuwa na kitu. Akasogea mbele, mikono hewani, hatua kadhaa, na hii hapa. Kamba. Aliijua ilivyokwaruza kiganja. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu anavyoshika mkono wa mwanawe aliyetoka safari.

Akaanza kwenda. Ilikuwa imekazwa zaidi, na hilo lilimfurahisha. Walifanya kazi, alijisemea. Baada ya muda kidogo kiganja chake kilifika kwenye kombe. Akasimama kusikiliza ndoo, akitafuta kwa mguu lile tope la kisimani. Mchanga ulikuwa mkavu. Kulinukia saruji. Akashangaa, akaendelea, na kamba ikakata kona pasipo na kona, ikazunguka mti mgeni uliosimikwa, mkoko uliokatwa karibuni, utomvu bado unanata.

Labda wameinyoosha. Akaongeza mwendo. Mkono ukakuta kitambaa cha khanga, moyo ukamtulia, akainua mguu juu apande baraza la Mwanajuma. Mguu ulishuka kwenye mchanga, nusura aanguke.

"Bibi! Bibi, unatafuta nini?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, kijana, lafudhi ya mbali.

"Wewe nani?"

"Mlinzi."

"Unalinda nini?"

"Eneo hili. La mwekezaji."

"Natafuta mlango."

"Hapa hakuna mlango, Bibi. Hata geti bado halijawekwa. Kuna kamba tu, tuliikuta hapahapa, tukazungushia."

Bi Biubwa aliendelea, kasi, kiganja kinawaka, mkoko baada ya mkoko, kona nyingine, kona nyingine tena, mpaka kombe likarudi mkononi mwake. Lilelile, lenye ufa. Akajua sasa. Alikuwa anauzunguka uwanja wake kwa nje.

Akaivuta kamba mara mbili.

Mahali fulani, kwenye mti mmojawapo, kopo likalia. Hawakuwa wamelitoa.

"Labeka, Bibi!"

Sauti ilitoka upande ambao haikuwahi kutokea. Kisha miguu, mbio, na harufu ya mafuta ya vitumbua. Mwanajuma alikuja mpaka kwenye kamba ya upande wa pili, akasimama. Kamba ile mtu angeinama tu akapita chini yake. Kitongoji kizima kilikuwa kimetoka sasa, Bi Biubwa alisikia bangili, alisikia kikohozi cha Rajabu, na hakuna aliyeinama.

"Huyu bibi wa nani?" mlinzi alipaza sauti. "Nauliza, nani anamwangalia huyu bibi?"

"Mimi!" Mwanajuma alipiga ukelele. "Wangu mimi! Namchotea maji mimi! Nampikia, namfulia, nimemkata kucha kwa mikono yangu hii! Na Wahida anampikia! Na kamba hiyo ni Rajabu aliyefunga! Sisi wote, sisi wote hapa!"

Bi Biubwa aliinamisha uso. Yote yalikuwa kweli, na alitamani ardhi immeze.

"Vizuri, mama," alisema mlinzi. Alisema kwa unafuu, mtu aliyepata wa kumkabidhi mzigo. "Kama ni wako, basi mtoe. Mafundi wa waya wanakuja."

Mwanajuma alimwita, mara moja, mara mbili. Bi Biubwa alikuwa ameshika tena kamba, anakwenda mkono kwa mkono kando ya uwanja wake, anatafuta mlango, na kila alipovuta, kopo lilikuwa linalia.